Kamba ya kuwakimbiza malaika

Mwezi huu barua nyingi zimeshikilia jambo moja: vitabu vya kitaaluma kuhusu michezo ya kuigiza ya kale ya Uingereza na maisha ya watu walioicheza. Nilifundisha somo hili miaka ishirini na miwili na bado linanikosesha usingizi, kwa hiyo nimewapa waandishi wa barua hizi safu yote.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma historia, na nimechagua kuandika juu ya michezo ya Uingereza kabla ya Shakespeare. Orodha niliyopewa inaanza na E. K. Chambers. Nimekaa wiki tatu na juzuu ya kwanza ya *The Mediaeval Stage* na sijui nimesoma nini. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Mfunge Chambers kwanza, umrudishe rafuni bila kumwogopa na bila kumdharau. Juzuu mbili za kitabu hicho zilitoka mwaka 1903, na nne za *The Elizabethan Stage* zikafuata mwaka 1923. Mtu huyo alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya elimu, utafiti akiufanya nje ya saa za kazi. Kila nikilikumbuka hilo namheshimu upya. Shida ni kwamba ushahidi wote ule aliupanga uitumikie simulizi moja: mchezo ulizaliwa ndani ya ibada, ukakua, ukatoka mlangoni mwa kanisa, ukaishia sokoni mikononi mwa watu wa kawaida, na kila hatua ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Mwaka 1965 O. B. Hardison aliibomoa simulizi hiyo. Alionyesha kwamba Chambers aliazima fikra za mageuzi ya viumbe akazivika historia. Nyaraka zenyewe hazipandi ngazi kwa utaratibu huo.

Anza na mkusanyiko uliohaririwa na Richard Beadle, *The Cambridge Companion to Medieval English Theatre*, wa mwaka 1994. Ukipata chapa ya pili ya 2008, chukua hiyo. Utapata sura ya York, sura ya Chester, miji ya Uingereza ambayo vyama vyake vya mafundi vilitoa michezo hii, na kila sura itakuonyesha njia ya kuendelea. Ukimaliza, msome V. A. Kolve, *The Play Called Corpus Christi*, wa 1966, ujue kwa nini watu wa miji ile walicheza historia yote ya dunia, kuanzia Uumbaji hadi Kiyama, ndani ya sikukuu moja, ile ya Mwili wa Kristo iliyo kwenye jina la kitabu.

Kolve anakueleza walichoamini. Hakuelezi nani alilipa. Kwa hiyo msome bega kwa bega na Charles Phythian-Adams, *Desolation of a City*, wa 1979. Kitabu hiki kinazungumzia mji wa Coventry ulipokuwa ukididimia, na michezo imo kwa uchache tu. Ndicho kilichonigeuza mimi. Humo unamwona fundi akipanda cheo hatua kwa hatua ndani ya chama chake, na kila cheo kinakuja na gharama: karamu, mavazi, maandamano, michango. Mji unapopungukiwa na watu, gharama zile zinabaki zilezile kwa waliosalia. Sherehe ilikuwa fahari na mzigo kwa mtu yuleyule, siku ileile. Ukilishika hilo, Chambers utamrudia baadaye na atakufaa sana, maana wingi wa ushahidi alioukusanya ni hazina hata pale tafsiri yake inapokataliwa.

Mwalimu, nilitafuta kwa muda mrefu juzuu za York katika mfululizo wa *Records of Early English Drama*, nikidhani nitasoma michezo yenyewe. Nimekuta faini, kodi, Kilatini na orodha za vifaa. Hata mchezo mmoja haumo! Je, nimechukua kitabu sicho?

Umechukua kitabu chenyewe, ndugu yangu, na huzuni yako naijua. Mimi pia nilizifungua juzuu zile mbili nikitaka kumsikia mke wa Nuhu akikataa kuingia kwenye safina. Nikakuta watu wanadaiwa fedha. Nikazifunga, na kwa siku mbili sikutaka kuziona.

Mfululizo huo unaandaliwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, na juzuu za kwanza, York na Chester, zilitoka mwaka 1979. Sharti lake ni moja: kila waraka unaotaja maonyesho, wachezaji au wapiga muziki hadi mwaka 1642 unakiliwe kama ulivyo. Maneno ya michezo yenyewe hayaingii. Hayo yana vitabu vyake, na muswada wa York uko British Library, London. Unachokishika mkononi ni mabaki ya kazi yenyewe: nani aliburuta gari lililokuwa jukwaa la mchezo, nani alitozwa, nani alishona.

Nilipozifungua tena, niliangukia hati ya mwaka 1433 ya chama cha wafanyabiashara wa vitambaa wa York. Hawa ndio waliokabidhiwa mchezo wa Kiyama, na hati inaorodhesha mali yote ya onyesho lao. Isome polepole. Kuna gari la magurudumu manne. Kuna mdomo wa jehanamu. Kuna mavazi matatu ya mashetani watatu, na nyuso sita katika vinyago vitatu, maana yake kila shetani alikuwa na uso mbele na uso kisogoni. Kuna shati la Mungu lenye majeraha, na taji lenye kinyago kilichopakwa dhahabu. Kuna kiti cha chuma cha Mungu kukalia anapopaa mbinguni. Halafu kuna malaika wadogo tisa waliopakwa rangi nyekundu, wa kukimbia huku na huko mbinguni, na mstari mwingine: kamba ndefu nyembamba ya kuwakimbiza.

Kamba hiyo ndiyo iliyoniweka katika kazi hii. Mtu fulani alikaa ndani ya gari lile, akafichwa na mapazia, akaivuta. Barabarani watoto waliinua macho wakaona mbingu ina mwendo. Karani aliiandika kwa sababu ni mali, na mali isipoandikwa hupotea. Hakuandika kwa ajili yako wala yangu, ndiyo maana namwamini. Hati hii ilichapishwa miaka ya 1970 mwanzoni, na wale waliokuwa wamezoea kusema kwamba maonyesho ya mafundi yalikuwa ya kimaskini walilazimika kuyameza maneno yao.

Sasa geukia tangazo la York la mwaka 1415. Wachezaji wanaamriwa wawe tayari kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Chama kitakachotoa wachezaji wabaya, wasiovaa vizuri au wasiosikika, kitatozwa shilingi 100. Mwaka 1417 baraza la mji likaamua kwamba vituo ambapo magari yatasimama vikodishwe kwa watakaotoa fedha nyingi zaidi. Hapo historia ya jamii imejaa kwenye sentensi moja. Mchezo ulikuwa wa Mungu na wa mji mzima, lakini gari lilisimama mbele ya mlango wa mwenye uwezo. Mwaka 1476 likaongezwa sharti kwamba mtu asicheze zaidi ya mara mbili siku ile, na faini yake shilingi 40. Kama kuna marufuku, jua walikuwapo waliokuwa wakifanya hivyo: wachezaji waliotafutwa, wakiruka kutoka gari hadi gari.

Usiishie York. Tafuta juzuu ya Coventry iliyohaririwa na R. W. Ingram, ya mwaka 1981. Katika hesabu za wahunzi, mwaka 1573, mtu mmoja anayeitwa Fawston analipwa peni 4 kwa kumnyonga Yuda na peni 4 nyingine kwa kuwika kama jogoo. Wauza nguo wa mji huohuo wanalipia kutunza moto kwenye mdomo wa jehanamu, wanalipia kuichoma dunia, wanawalipa watu wawili waliocheza funza wa dhamiri. Nimewasomea wanafunzi mistari hii kila mwaka. Huwa wanacheka mwanzoni, kisha wananyamaza, kwa sababu wanaanza kumwona Fawston.

Nikuombe jambo moja, maana wengi hukosea hapa. Daftari la hesabu linaandika fedha, na kumbukumbu za baraza zinaandika ugomvi. Kilichofanyika bure na kwa amani hakina mstari. Basi usiseme mji fulani haukuwa na mchezo kwa kuwa hukuukuta kitabuni, wala usidhani watu waligombana siku zote kwa kuwa kumbukumbu zimejaa magomvi. Chunga pia neno la Kilatini *ludus*. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati, kwa sababu neno letu "mchezo" lina utata uleule: laweza kuwa tamthilia, mieleka, mpira au mzaha. Ukikuta karani ameandika *ludus* bila kufafanua, usimfafanulie wewe. Angalia nani kalipwa, na kwa nini.

Hesabu hizi zina herufi li, s na d, na tarehe zenye miaka miwiliwili. Nisaidie.

Pauni moja ina shilingi 20, shilingi ina peni 12. Kwa hiyo pauni ni peni 240. Herufi ni vifupisho vya Kilatini: li ni pauni, s shilingi, d peni. Utakutana pia na "marki", ambayo ni shilingi 13 na peni 4. Marki ilikuwa kipimo cha kuhesabia tu. Usitafute sarafu yake.

Tarehe zinahitaji uangalifu zaidi. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulibadilika tarehe 25 Machi. Karani aliyeandika Februari 1591 alimaanisha kile ambacho sisi tunakiita Februari 1592, na wahariri huandika 1591/2 ili kukuonya. Zaidi ya hapo, hesabu nyingi za miji zilifungwa sikukuu ya Mikaeli, tarehe 29 Septemba, hivyo daftari moja linagusa miaka miwili. Nimesoma tasnifu iliyojenga hoja nzima juu ya jambo "lililotangulia" jingine, kumbe mwandishi hakubadili mwaka. Andika tarehe zako zote kwa mfumo mmoja tangu siku ya kwanza.

Mwalimu, mimi nafundisha fasihi. Kitabu kimoja kinasema waliojaza majumba ya maonyesho ya London walikuwa vibarua na mafundi. Kingine kinasema walikuwa matajiri. Vyote vimeandikwa na wataalamu. Niwaambie nini wanafunzi?

Waambie kuna mabishano, kisha uwaonyeshe yanatokana na nini. Hilo ni somo zuri kuliko jibu lenyewe.

Cha kwanza bila shaka ni cha Alfred Harbage, *Shakespeare's Audience*, 1941. Yeye alishika bei. Thomas Platter, msafiri kutoka Basel aliyekuwa London mwaka 1599, aliandika kwamba anayesimama hulipa peni moja, anayetaka kukaa huongeza peni, na anayetaka mto wa kukalia huongeza ya tatu. Kibarua aliyepata peni kama 10 au 12 kwa siku angeweza kuitoa peni moja. Harbage akahitimisha kwamba umati ulikuwa wa watu wa kazi.

Cha pili ni cha Ann Jennalie Cook, *The Privileged Playgoers of Shakespeare's London*, 1981. Yeye alishika saa. Michezo ilianza mchana, siku za kazi, kwa sababu ya mwanga. Kibarua anayeondoka kazini saa nane mchana hapotezi peni moja tu. Anapoteza ujira wa nusu siku. Cook akasema waliokuwa na nafasi hiyo ni wenye vyeo na fedha.

Mimi nadhani Cook aliuliza swali bora kuliko jibu alilolitoa. Hesabu za Philip Henslowe, mwenye jumba la Rose, zinaonyesha kwamba tarehe 3 Machi 1592 mchezo alioandika "harey the vj", yaani Henry wa Sita, ulimwingizia pauni 3, shilingi 16 na peni 8. Hizo ni peni 920, na wengi wanazichukulia kuwa ni nusu tu ya mapato ya ghorofani. Waliosimama uwanjani hawamo. Siamini umati wa namna hiyo ulikuwa wa tabaka moja. Na muda wa mtu wa kazi haukuwa wa namna moja: kulikuwa na wasio na kazi, wanaosubiri kazi, vijana wanagenzi waliotumwa wakachelewa kurudi. Soma Andrew Gurr, *Playgoing in Shakespeare's London*, 1987. Nyongeza yake inaorodhesha watu wanaojulikana kwa ushahidi kwamba walihudhuria. Lakini waonye wanafunzi wako: anayeandika barua na shajara ndiye anayeingia kwenye orodha kama hiyo, na aliyekuwa hajui kuandika hayumo, hata kama alikwenda kila wiki.

Nasikia wanawake hawakuigiza Uingereza kabla ya 1660. Kweli?

Katika makampuni ya kulipwa ya London, ndiyo, wavulana walicheza nafasi za kike. Ukitoka nje ya majumba hayo, sentensi hiyo haisimami. Soma mkusanyiko wa Pamela Allen Brown na Peter Parolin, *Women Players in England, 1500–1660*, wa 2005.

Tangazo la zamani la michezo ya Chester linasema "wake waheshimiwa" wa mji ndio wanaoutoa mchezo wa Kupalizwa kwa Bikira Maria. Mchezo huo umepotea. Haukusalimika Matengenezo ya Kanisa. Hapo lazima usimame kwenye kitenzi. Neno la tangazo lina maana ya kugharimia, kutayarisha. Je, walicheza wenyewe? Kitenzi hakisemi. Lakini kinasema wazi kwamba wanawake wale walisimama katika orodha moja na vyama vya mafundi, na kwamba fedha na heshima ya mchezo ule vilikuwa vyao. Kwa mji wa wakati ule hilo si dogo hata kidogo.

Angalia tena Coventry. Mwaka 1495 wahunzi wanamlipa Thomas, mtumishi wa Ryngold, aliyecheza mke wa Pilato. Miaka minane kabla, 1487, wanamlipa Bibi Grymesby peni 12 kwa kuwaazima nguo zake za kuvalishwa mke wa Pilato. Mwili wa mwanamume, nguo za mwanamke ambaye watazamaji huenda walimfahamu kwa jina. Ningetoa mengi kusikia walichonong'ona siku ile. Ukitafuta neno "mwigizaji" peke yake utampita Bibi Grymesby bila kumwona. Tafuta walioazima, waliofua, walioshona, waliopika chakula cha mazoezi. Na kwa upande wa vijijini, ambako parokia zilichangisha fedha kwa michezo ya Robin Hood na karamu za bia, mchukue Ronald Hutton, *The Rise and Fall of Merry England*, 1994, aliyepekua hesabu za makanisa kwa uvumilivu mkubwa.

Mwalimu, nimeandika sura mbili za tasnifu yangu nikitumia daftari la Henslowe katika chapa ya 1845 iliyohaririwa na J. P. Collier, kwa kuwa niliipata bure. Mwenzangu ameniambia ni kosa. Nimeshindwa kulala.

Mwenzako amekutendea wema. John Payne Collier alisoma nyaraka nyingi kuliko karibu wote wa zama zake, na alighushi. Hakughushi katika chapa peke yake. Katika daftari lenyewe, linalotunzwa Dulwich College, shule iliyoko London, yameingizwa maandishi ya uongo kwenye nafasi zilizokuwa tupu, kwa mwandiko wa kuiga. George Warner aliyafichua alipotayarisha orodha ya nyaraka za Dulwich mwaka 1881, na W. W. Greg akayachambua tena katika chapa yake ya 1904 hadi 1908. Jambo hili linaniuma kila nikilitaja, kwa sababu Collier alikuwa na kipaji cha kuyatafuta yaliyo kweli.

Usidhani kila nakala ya karne ya 19 ni ya kutupwa. Thomas Sharp, mtu wa Coventry, alichapisha hesabu za michezo ya mji wake mwaka 1825. Mwaka 1879 maktaba ya Birmingham iliungua, na madaftari ya wahunzi, yaliyokuwa yamehifadhiwa humo, yakaungua nayo. Mengi tunayoyajua leo juu ya wachezaji wa wahunzi wale tunayajua kwa sababu Sharp alikaa akanakili. Ingram alipotayarisha juzuu ya 1981 hakuwa na cha asili cha kulinganisha. Alilazimika kumwegemea, na tanbihi zake zinaonyesha waziwazi wapi anafanya hivyo. Kwa hiyo umri wa chapa haukuambii kitu. Uliza asili iko wapi, nani aliiona baada ya huyu, na kama walikubaliana.

Kwako wewe: tafuta chapa ya R. A. Foakes na R. T. Rickert ya 1961, au ya pili ya 2002. Usizifute sura zako. Chukua kila mstari ulionukuu kutoka kwa Collier, uutafute humo kwa tarehe, ukikumbuka lile la 25 Machi. Unaolingana, ubaki na ubadilishiwe ukurasa. Uliotiwa alama ya kughushi, au usiokuwapo kabisa, utoke, na hoja iliyoutegemea uipime upya. Kisha niandikie imebaki mingapi.